Mshindani wa Taifa

Wageni wanaopita nchini mwetu hurudi kwao wakasema kwamba kwetu hakuna ushindani wa biashara. Wanasema hivyo kwa sababu hawakusoma sheria. Sheria yetu ya ushindani ni nzuri kuliko za nchi nyingi. Imechapishwa kwenye karatasi nene inayong'aa, na iliandikwa na watu wanaoujua ushindani kwa karibu, yaani mawakili wa Kampuni ya Adhimu.

Adhimu ndio wanaotengeneza vile visanduku vyenye taa ndogo zinazopepesa, vinavyopokea mtandao na kuugawa kwenye simu na kompyuta za watu. Kila ofisi nchini ina kisanduku cha Adhimu. Ikulu kipo, magerezani kipo, na kwenye Tume ya Ushindani vipo viwili, kimoja cha kazi na kingine cha ukumbusho. Vina rangi ya samawati, vimefungwa kwa gundi ili raia asije akaumia kwa kuvifungua, na vina tabia moja ambayo Adhimu wanaiita uaminifu: havizungumzi na kisanduku kisichokuwa cha Adhimu. Ukiviunganisha na cha mtu mwingine vinazima taa na kukaa kimya kama mkwe aliyekosewa heshima.

Nchi ikiwa imetulia hivyo, akatokea Siwatu Mgaza.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akifundisha umeme katika chuo cha ufundi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na akili nyingi na dada mmoja aliyekuwa akiishi mbali. Yeye na mwalimu mwenzake aliyeitwa Ngolle waliacha chuo, wakapanga jengo lililokuwa kiwanda cha soda, wakaanzisha kampuni wakaiita Kiungo. Visanduku vyao vilikuwa vya rangi ya bati, kwa kuwa havikupakwa rangi yoyote. Vilifungwa kwa skrubu za kawaida ambazo mtu yeyote mwenye bisibisi angeweza kuzifungua.

"Cha kwetu kinaongea na yeyote," Ngolle alikuwa akiwaambia wateja. "Hata na cha Adhimu, kama cha Adhimu kitataka."

Tatizo lilikuwa hapo kwenye kutaka.

*

Wizara ilipotangaza zabuni ya visanduku vya shule zote, Siwatu alivaa gauni lake la kitenge lililopigwa pasi vizuri, akapeleka maombi. Aliitwa mbele ya Kamati ya Zabuni. Mwenyekiti wake, Bwana Chambuso, alikuwa mtu mpole sana. Alikishika kisanduku cha Kiungo kwa mikono miwili kama anayemshika mtoto wa mtu.

"Kizuri," alisema. "Kamati imekipenda. Kasoro yake ni moja tu, hakikutengenezwa na Adhimu."

"Hilo si sharti la zabuni, mheshimiwa," alisema Siwatu.

"Si sharti. Ni hali ya hewa." Bwana Chambuso alitabasamu. "Sharti lenyewe linasema mwombaji awe ameshawahi kuiuzia wizara hii visanduku vya aina hii."

"Sasa mtu mpya ataanzaje?"

Wajumbe wakatazamana kwa furaha. Mwenyekiti akaweka kisanduku mezani, akapiga makofi mepesi. "Swali zuri sana hilo! Kamati inakupongeza kwa kuliuliza. Mwombaji mwenzako hakuuliza swali lolote, na ndiyo maana tumeona kwamba yeye ameielewa zabuni."

Siwatu hakukata tamaa upesi. Alishusha bei, wakamwambia kwamba bei ndogo namna ile inatia shaka, huenda vitu ni vya wizi. Akaongeza muda wa dhamana. Wakamwambia anayeahidi kutengeneza kitu kikiharibika anakiri kwamba kitaharibika, wakati Adhimu hawajawahi kukiri. Akaipa shule moja visanduku vya bure. Mwalimu mkuu alivirudisha mwenyewe, ameviweka kwenye kapu, akaomba radhi huku akitazama nyuma yake. Alisema watoto walikuwa wamevipenda sana, na hilo ndilo lililomtisha.

Adhimu, kwa upande wao, hawakuwa watu wabaya. Hawakumvunjia madirisha wala kumchomea kiwanda kama wafanyavyo katika nchi zisizostaarabika. Waliwaajiri wafanyakazi wake tu. Kwanza aliondoka binti wa mauzo, akalia mlangoni, akaondoka. Wakafuata mafundi. Kisha mlinzi, ambaye Adhimu hawakuwa na haja naye, wakampa kiti wakamkalisha kando ya mlinzi wao wenyewe. Kila mtu alipoaga Siwatu alimpikia chai ya kuagana, na kila mara birika likawa jepesi zaidi, mpaka likabaki la watu wawili.

Asubuhi moja Ngolle alikuja na shati jipya. Siwatu alilitazama shati, akaacha alichokuwa akikifanya.

"Wamekupa nini?"

"Cheo. Mkurugenzi wa Ubunifu."

"Kwani Adhimu wana ubunifu?"

"Hawana. Ndiyo maana kazi yenyewe ni nyepesi." Ngolle alijaribu kucheka, kicheko kikamfia kinywani. "Dada Siwatu, mke wangu ananiuliza kila jioni tumemuuzia nani. Kutengeneza tunatengeneza, hilo namwambia. Sasa tumemuuzia nani?"

"Hujakosea."

"Basi nitukane."

"Ya nini? Kunywa chai kwanza."

"Nimekuja na maneno mengi ya kujitetea," alisema Ngolle. "Sasa nitayapeleka wapi?"

Alikunywa chai akiwa amesimama. Alipomaliza alikiosha kikombe chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wafahamiane. Siwatu alipokiona kile kikombe kimefunikwa vizuri kwenye kichanja ndipo alipojua kwamba harudi.

*

Akaamua kufunga kampuni. Alikwenda kwa Msajili wa Makampuni akiwa na vyeti vyake vyote, akamwambia karani anataka kufunga. Karani akapauka.

"Huwezi kufunga, mama."

"Kwa nini? Sina mfanyakazi, sina mteja."

"Ukifunga wewe atabaki nani?"

"Atabaki Adhimu."

"Nani?" Karani alitazama dari. "Hebu subiri hapo hapo. Usifunge chochote. Hata mlango usiufunge."

Yule karani alikuwa amekumbuka jambo ambalo Siwatu hakulijua. Wakopeshaji wa nje walikuwa wameiuliza serikali yetu kama katika biashara ya mawasiliano kuna ushindani, na serikali ilikuwa imejibu kwa fahari kwamba upo, jina lake Siwatu Mgaza. Kabla ya chakula cha mchana akawa ameshafikishwa mbele ya Waziri wa Mawasiliano na Maelewano, Mheshimiwa Kihongole, mtu mnene aliyezoea kuongea akiwa amesimama hata anapokuwa na msikilizaji mmoja.

"Mama Siwatu," alisema Waziri, "nchi nyingine zina washindani wengi. Wamejazana tu, wanasukumana, hawana mpango. Sisi tunaye mmoja, tena tunamtunza! Wewe ni tunu. Kuanzia leo utaitwa Mshindani wa Taifa."

Akamweleza kazi yenyewe. Ataomba kila zabuni. Atashindwa. Atampa mkono mshindi na kupigwa picha. Kwa hayo atapewa gari lenye bendera ndogo na dereva, na kiwanda chake kitaendelea kuwa na leseni. Akikataa, leseni inakufa, na visanduku vyake havitatengenezwa tena na mtu yeyote.

"Na nikishinda?" Siwatu aliuliza.

Waziri alicheka mpaka akatoa leso. "Una utani wewe mama."

Wapo wanaomlaumu kwamba alikubali. Mimi simlaumu wala simtetei, nasimulia tu. Siku ile alikuwa ametoka kwenye jengo ambalo sauti pekee ndani yake ilikuwa ya bomba linalovuja, na hapa mtu mkubwa alikuwa akimwita tunu. Pia alivipenda visanduku vyake. Alikubali.

*

Basi akawa anashindwa kwa niaba yetu sote. Alishindwa zabuni ya hospitali, ya mahakama, ya viwanja vya ndege. Magazeti yalimsifu jinsi anavyoshindwa bila kinyongo. Mhariri mmoja aliandika kwamba vijana waige mfano wake. Siku ya Ushindani Kitaifa, ambayo huadhimishwa kwa gwaride, Adhimu walipewa tena ngao ya Mshindani Bora, na Siwatu akapewa cheti cha kushiriki, kilichodhaminiwa na Adhimu.

Kwenye dhifa aliwekewa meza yake. Ilikuwa meza nzuri, yenye kitambaa cheupe na maua, na kiti kimoja. Watu walimsalimia kwa mbali, kwa kuinamisha vichwa, maana haikujulikana kama Adhimu wangependa mtu aonekane akimsalimia kwa karibu. Mke wa Ngolle alikuwa akimpungia mkono chini ya meza. Ngolle mwenyewe alikaa katika safu ya wakurugenzi akiisoma kadi ya vyakula kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu.

Majirani pia walibadilika. Zamani walikuwa wakimwazima chumvi. Sasa, kwa sababu ya bendera kwenye gari, walisimama wima akipita. Hakuna anayemwazima chumvi mtu wa serikali.

Mchana alishinda kiwandani. Aliendelea kutengeneza visanduku, kwa kuwa mikono haikuwa na habari ya cheo. Akikimaliza kimoja alikiweka mezani kando ya kingine, akaviunganisha, akavitazama vikipepesana taa. Kimoja kinauliza, upo? Kingine kinajibu, nipo. Hiyo ndiyo lugha yao, havina maneno mengine. Siku nyingine alivitazama mpaka chakula chake kikapoa. Dereva alimwona, akaenda akamwambia mkewe kwamba bosi ana mawazo, mkewe akamwambia ajifanye hajaona.

*

Mgeni wa kwanza alipofika, Siwatu alidhani amepotea njia. Na kweli alikuwa amepotezwa. Aliitwa Nyamizi, nesi wa zahanati ya Bonde la Mlimbo, mwanamke mfupi mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka makao makuu ya Adhimu.

"Nimewaomba watuletee mtandao," alisema akiwa bado mlangoni. "Wamefungua ramani yao, wakaniambia bonde letu lipo kijiografia, lakini kibiashara halipo."

"Wakakuleta kwangu?"

"Wamesema kama sijaridhika niende kwa mshindani wao. Wote pale mapokezi walicheka. Nikafikiri ndivyo mnavyoagana huku mjini."

Siwatu akamvutia kiti. Nyamizi hakukaa. Alisimulia akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Zahanati iko upande mmoja wa bonde, na hospitali ya misheni, yenye gari la wagonjwa, iko upande wa pili, nyuma ya kilima. Simu hazishiki. Mama akizidiwa kwenye uchungu, mtu anatumwa kwa miguu kuvuka kilima kwenda kuliita gari.

"Wakati wa mvua tulimpoteza mama mmoja pamoja na mtoto," alisema. "Mtu tuliyemtuma aliteleza akaumia mguu. Gari lilikuwepo kule, zima kabisa. Dereva amekaa ndani anasikiliza redio." Aliusogeza mkoba kifuani. "Sitaki mtandao wa kuonea dunia, dada yangu. Nataka yule dereva anisikie."

Nyamizi akakitazama kisanduku kilichokuwa mezani.

"Hivi vyako vinafanya kazi?"

Siwatu akagundua kwamba katika zabuni zote alizowahi kuomba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Vinafanya."

"Basi tuvipeleke."

Wakavipakia kwenye gari lenye bendera. Njia nzima askari waliwapigia saluti.

*

Siwatu alikaa Mlimbo akifanya kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu Ngolle aondoke, yaani kazi. Walisimamisha mlingoti juu ya kilima, kisanduku kimoja wakakifunga zahanati, kingine misheni, kingine kwenye mashine ya kusaga, kingine shuleni, vyote vikitumia umeme wa jua. Dereva wa serikali alivua koti akachimba mashimo. Mjusi alipoingia kwenye kisanduku cha mashineni na kuzima kila kitu, msagaji alichukua bisibisi, akakifungua, akamtoa mjusi, akakifunga. Siwatu alikuwa amesimama nyuma yake. Baadaye Nyamizi alimkuta nyuma ya mashine anafuta macho, Siwatu akamwambia ni unga. Nyamizi akakubali kwamba ni unga.

Haukupita muda mrefu, alasiri moja mama mmoja akazidiwa. Nyamizi alipiga simu, akaongea kwa sauti kubwa mno kama mtu asiyeamini, na ng'ambo ya kilima yule dereva akazima redio. Gari lilifika jua likiwa bado juu. Mama alifanyiwa upasuaji, akapona, na mtoto akalia. Baba alitaka mtoto aitwe Kiungo. Mama, ambaye ndiye aliyepata tabu, akamwita Maua.

Habari zikapanda milima. Wafuga nyuki wa juu wakaja kuuliza bei, wakanunua. Walimu wa kijiji cha pili wakanunua. Hivyo ndivyo Siwatu alivyojua jinsi ya kushindana na Adhimu: nenda mahali wanaposema hapapo, peleka kitu kinachofunguka, na ubaki hapo kikiharibika. Ni jambo jepesi ambalo hakuna kamati ingelifikiria.

Mjini, hata hivyo, kulikuwa na msiba. Waziri Kihongole aliitisha kikao cha dharura.

"Nimesikitishwa," alisema akiwa amesimama. "Tulimpa gari. Tulimpa bendera. Tukampa kazi moja tu! Mshindani anayeshinda si mshindani, ni mshindi, na mshindi tayari tunaye. Nchi haiwezi kuwalisha wawili."

Ikaamuliwa visanduku viondolewe. Adhimu walitafuta fundi wa kuifanya kazi hiyo wakakuta wote, hata waliotoka Kiungo, sasa wanajua gundi tu, hakuna anayejua skrubu. Akatumwa Mkurugenzi wa Ubunifu.

*

Ngolle alifika Mlimbo asubuhi, na viatu vyake vya mjini. Siwatu alikuwa barazani kwa zahanati akiunga waya.

"Nimeagizwa niviondoe vyote," alisema Ngolle bila salamu.

"Bisibisi unayo?"

"Ninayo."

"Anzia kilimani. Upepo ukianza mchana ni tabu kupanda."

Ngolle alimtazama kama anayengoja zaidi. Hakupewa zaidi. Akapanda kilima, akaufikia mlingoti, akaufungua mfuniko wa kisanduku. Ili asikate waya usiohusika, alitia sikioni kile kisikilizio cha mafundi. Ndani yake mwalimu alikuwa akimwambia mwenzake kwamba chaki zimekwisha. Ngolle alikuwa mtu mwenye adabu, hakutaka kumkatiza mtu maneno yake, akangoja wamalize. Walipomaliza, msagaji alikuwa akigombana na mkwewe juu ya gunia. Akangoja. Kisha binti mmoja alimpigia shangazi yake akamwimbia wimbo mzima. Kisha Nyamizi na misheni, dawa za homa. Jua lilimpita Ngolle kichwani likaelekea upande wa pili, naye ameketi juu ya jiwe, bisibisi mkononi, anangoja bonde linyamaze. Halikunyamaza.

Aliposhuka, Siwatu alikuwa pale pale barazani.

"Imekuwaje?"

"Wanaongea mno hawa." Ngolle akakaa kwenye ngazi, akavua viatu. "Unajua kule Adhimu nina ofisi yenye zulia? Zulia nene, mtu akipita humsikii. Mwaka mzima sijajua kama ofisi ya jirani kuna mtu au hakuna."

"Ungebisha hodi."

"Nilibisha. Akaniandikia ujumbe kuniuliza nataka nini." Akapangusa miguu yake. "Nilikukosea, dada Siwatu."

"Ulikuwa na watoto wa kulisha."

"Bado nilikukosea."

"Najua," alisema Siwatu. "Utakula? Kuna ugali na maharage."

Alikula, akaondoka na gari la kampuni. Mjini alitoa taarifa fupi mbele ya Waziri na wakurugenzi wa Adhimu. Alisema amefika hadi mahali ambapo, kwa mujibu wa ramani rasmi ya kampuni, hapapo. Kwa kuwa hapapo, hapawezi kuwa na vifaa, na kwa kuwa hakuna vifaa, hakuweza kuviondoa. Aliuliza kama kuna mjumbe anayetaka kuipinga ramani ya Adhimu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bwana Chambuso, aliyealikwa kwa heshima, alisema hiyo ni taarifa bora kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Serikali iliridhika, lakini haikusahau. Siwatu alitumiwa dereva wake, aliyekuwa ameitwa mjini na lile gari lenye bendera, amwambie achague: arudi mjini ashindwe zabuni ya bandari, au abaki mahali pasipokuwepo, na kubaki huko maana yake ni kwamba naye hayupo. Jina lake litafutwa, kampuni itafutwa, na visanduku vya Mlimbo havitaruhusiwa kamwe kugusa mtandao wa nchi. Vitaongea vyenyewe kwa vyenyewe.

Dereva alilisema hilo akiwa ameinamisha kichwa.

"Waambie hukunikuta," alisema Siwatu.

Dereva akachomoa ile bendera, akaikunja, akaenda zake.

Nafasi ya Mshindani wa Taifa haiwezi kukaa wazi, wakopeshaji huuliza. Adhimu, kwa uzalendo wao, walikubali kutoa mtu kutoka miongoni mwao, wakamtoa Ngolle. Nimemwona kwenye dhifa mara kadhaa. Ana meza nzuri yenye maua. Safari hii mkewe hukaa nyumbani.

*

Msidhani kwamba Siwatu aliishi Mlimbo kama bibi harusi. Alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Watu walimheshimu, na heshima, kama alivyokwisha kuonja mjini, haina mazungumzo marefu. Lugha yao ya nyumbani hakuijua. Akifika kisimani wanawake walihamia Kiswahili ili asijisikie vibaya, wakamuuliza habari za kazi, akajibu nzuri, wakanyamaza wakingoja aondoke ili waendelee na utani wao. Hakuwalaumu. Aliteka maji yake akaondoka upesi, awapishe.

Kutwa nzima taa za kisanduku chake zilipepesa. Binti na shangazi, walimu, wafuga nyuki wakiitana kutoka mlima hadi mlima. Simu yake ililia pale tu kitu kilipoharibika. Mlingoti umeinama. Betri imeisha nguvu. Mjusi. Alikwenda, akatengeneza, akashukuriwa, akarudi. Kwa dada yake hakuweza kupiga, kwa kuwa dada yake aliishi katika nchi iliyopo.

Mwezi mmoja Waziri Kihongole alitangaza kwamba taifa zima sasa limeunganishwa, mia kwa mia, na kukawa na siku ya mapumziko. Mlimbo hawakuisikia, wakaenda shamba.

Ilikuwa siku ya mvua, mchana, mashine haisagi kwa kuwa hakuna aliyeleta mahindi. Siwatu alikuwa ameketi kitandani amejifunga shuka. Simu ikalia. Akaifikia haraka, mkono mmoja tayari umeshika begi la vifaa.

"Kuna nini?"

"Ni mimi, Nyamizi."

"Kisanduku kimezima?"

"Hapana, kinawaka."

"Mlingoti?"

"Uko wima, nauona dirishani."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Mvua imewafungia wote majumbani." Nyamizi akakohoa kidogo. "Nimepiga tu. Nilikuwa nachambua mchicha, nikasema nikupigie."

Siwatu akabaki ameshika begi. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vya watu kuongelea, na hakujua kinachofuata baada ya hapo.

"Upo?" Nyamizi akauliza.

"Nipo."

"Haya, usikate. Huna haja ya kusema kitu."

Siwatu akaliweka begi sakafuni, akajisogeza ukutani, simu sikioni. Upande wa pili mabua ya mchicha yalikuwa yakikatwa moja moja na kutupwa kwenye sufuria, na mvua ile ile iliyokuwa juu ya bati lake ilikuwa ikisikika juu ya bati la zahanati, ikichelewa kidogo tu.